Shangazi wa Hesabu: Programu ya bure ya mahudhurio inaishia wapi?

Barua za mwezi huu zimekuja kama zilizopangana: karibu zote ni za programu za bure za kugonga kuingia na kutoka kazini. Wenye biashara ndogo wanalalamika, wasimamizi wanalalamika, na mfanyakazi mmoja naye kaandika. Huyo kanifurahisha, maana saa zenyewe ni zake. Mimi nimekaa meza ya mishahara tangu enzi za rejesta ya karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe, kwa hiyo msinitarajie nishabikie upande wowote. Kuandika saa, programu hizi zinaandika vizuri tu. Taabu huanza siku mtu anapobisha.

Shikamoo Shangazi. Nina karakana ya samani, tuko 11 pamoja nami. Tangu mwaka jana vijana wanagonga kwenye simu zao kwa programu ya bure na sikuwa na shida nayo. Sasa fundi mmoja kaacha kazi, kaja na daftari lake, ananidai saa za ziada za miezi 7. Nikafungua programu nimwonyeshe ukweli, nikakuta siku 90 tu. Za nyuma zina alama ya kufuli na maneno "Lipia ili kuona". Ina maana wamenichukulia kumbukumbu zangu? – Mwenye karakana

Marahaba mwanangu. Hilo kufuli ni nafuu kidogo. Kampuni za programu za bure zina tabia mbili kuhusu kumbukumbu za zamani: kuna zinazozificha na kuna zinazozifuta. Ukiona kufuli, aghalabu saa bado zipo, zinakusubiri ulipe. Zikifutwa utakuta kalenda tupu. Lakini usilipe kwa kukisia. Andikia kwanza huduma kwa wateja, taja miezi unayoitaka, uliza: kumbukumbu hizi bado mnazo, na nikilipia mwezi mmoja nitaweza kuzipakua zote? Subiri jibu la maandishi. Toleo la bure kwa kawaida halina namba ya simu ya kupiga, na barua pepe inaweza kukaa siku kadhaa bila kujibiwa. Basi mwombe fundi wako muda, umwambie na sababu. Ukikaa kimya atadhani unapika namba.

Wakikubali, kabla hujabonyeza hakikisha umechagua malipo ya mwezi na si ya mwaka, na ujue bei nyingi ni za kila kichwa, hivyo ile namba ndogo uliyoiona kwenye tangazo unaizidisha mara 11. Pakua kila kitu siku hiyo hiyo. Kisha zima malipo ya kujirudia.

Sasa nikwambie kinachonitia wasiwasi kuliko hata kufuli. Saa hizo ukizipata, zitathibitisha nini? Ripoti itasema fundi aliingia 08:00. Je, aligonga 08:00, au aligonga 07:10 na mtu wa ofisini akairekebisha? Matoleo mengi ya bure yanaonyesha namba ya mwisho tu. Historia ya mabadiliko, yaani nani kabadilisha, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi, ndiyo inayoifanya orodha ya saa iwe ushahidi, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa upande wa kulipia. Kwa hiyo kuanzia leo usiguse chochote humo ndani, hata ukiona kosa la wazi. Liandike pembeni, ulitaje mezani mbele yake.

Na daftari la fundi usilidharau. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens. Kiwanda kilikuwa na saa za kugonga kadi, ila mishahara haikufuata dakika zilizogongwa. Mahakama ikasema mwajiri asipokuwa na kumbukumbu sahihi, mfanyakazi anaweza kuonyesha kazi yake kwa makadirio ya haki, na hapo ni juu ya mwajiri kuyapangua. Sheria ya ulipo inaweza kuwa na maneno mengine, lakini mantiki hiyo utaikuta kwingi: aliyetakiwa kutunza kumbukumbu asipotunza, asitegemee kufaidika na upungufu huo. Daftari lenye tarehe, lililoandikwa siku kwa siku kwa wino uliobadilika badilika, lina uzito. Lililoandikwa lote kwa kalamu moja usiku mmoja nalo linajulikana. Liangalie vizuri kabla hujakasirika.

Huko huko Marekani mwajiri hutakiwa kutunza kumbukumbu za mishahara miaka 3 na kadi za saa miaka 2. Ulaya nako, Mei 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema nchi wanachama zimtake kila mwajiri awe na mfumo wa kuaminika, unaofikika, wa kupima saa za kila siku za kila mfanyakazi. Linganisha na siku zako 90. Programu imejiwekea muda wake wa kukumbuka, na wewe una muda wako wa kisheria, na anayeulizwa mambo yakiharibika ni wewe.

Dawa yake haina gharama, ina uchovu tu. Kila unapofunga mishahara, pakua ripoti kwa namna mbili: ya jedwali kwa ajili ya hesabu, na ya kuchapisha. Chapisha ukurasa mmoja kwa kila mtu, aupitie, asaini, uweke kwenye faili. Angalia faili iliyopakuliwa ina kila kugonga kwa kila siku, kuingia na kutoka, siyo jumla peke yake. Jumla ya saa 186 bila siku zake haimsaidii mtu. Kama toleo lako la bure linakuruhusu kutazama tu bila kupakua, hilo mwanangu lihame mwezi huu huu.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye duka la dawa. Wenzangu wanagongeana: mmoja akichelewa, mwingine anaingiza namba yake ya siri. Programu yetu ya bure haina picha ya anayegonga wala ramani ya alipo, hivyo ni vya kulipia. Mwenye duka sasa anataka mashine ya alama za vidole. Unaonaje? – Msimamizi, duka la dawa

Marahaba. Kugongeana ni jambo la zamani kama mashine zenyewe. Sonara mmoja wa Auburn, New York, Willard Bundy, ndiye aliyebuni saa ya mahudhurio mwaka 1888, akapata hataza yake, yaani hati ya kumiliki ubunifu, 1890. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake wenye namba. Sidhani ilichukua muda mrefu mtu kuingia na funguo mbili mfukoni.

Namba ya siri ya tarakimu nne inayoingizwa mbele ya wenzako kila asubuhi haina siri. Lakini usikimbilie kununua. Picha inasaidia pale tu ambapo yupo mtu wa kuzitazama. Nimeona ofisi zenye mamia ya picha za dari na mabega, hakuna aliyewahi kuzifungua. Ramani nayo inaonyesha simu ilipo, haionyeshi mwenye simu. Ndani ya jengo inaweza kuyumba makumi ya mita, ikamweka mtu aliye kaunta kwenye jengo la jirani, na zipo programu za kudanganya mahali ulipo. Ukilipia ramani leo, kesho utakuwa unaamua kesi za "mbona mimi nilikuwepo".

Anza na hili: ondoa kugonga kwenye simu za watu. Weka tableti moja ukutani, mahali wewe au mfamasia wa zamu mnapopaona, iwe ndiyo mlango pekee wa kugonga. Baadhi ya matoleo ya bure yanaruhusu kifaa kimoja cha namna hiyo, na yasiporuhusu unaweza kufungua akaunti kwenye kivinjari cha tableti. Kisha mwisho wa zamu pitia orodha ukiwa umewaona watu kwa macho yako. Mko wangapi hapo hata ushindwe?

Vidole siviafiki kwa biashara ya ukubwa wenu. Namba ya siri ikivuja unaibadilisha. Kidole hakibadilishwi. Jimbo la Illinois kule Marekani lina sheria ya mwaka 2008 inayodai idhini ya maandishi kabla ya kuchukua alama za mwili, na waajiri wengi wameshtakiwa kwa sheria hiyo kwa sababu ya mashine za kugonga kazini tu. Uliza alama zinahifadhiwa wapi, nani anazifikia, na mtu akiacha kazi zinafutwaje. Muuzaji akijikanyaga kwenye maswali hayo, mrudishe na mashine yake. Tena watu wanaoosha mikono kwa dawa mara nyingi kwa siku, ngozi ya vidole huchakaa, mashine inawakataa, na foleni inaanza mlangoni.

Jambo la mwisho, mwambie mwenye duka taratibu: aangalie adhabu ya kuchelewa. Pale ambapo dakika 5 zinamkata mtu nusu siku, wenzake watamgongea tu, uweke kidole au uweke jicho.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyakazi, siyo mwajiri, natumaini utanijibu. Skrini ikinionyesha nimegonga 07:53, ripoti inasema 08:00. Nikitoka 17:07, inasema 17:00. Halafu kila siku inakata saa nzima ya mapumziko hata siku nilizokaa kaunta bila kuinuka. Bosi anasema programu ni ya bure, ndivyo ilivyo, haibadilishiki. – Nakatwa dakika

Marahaba mwanangu, na wewe ndiye ningependa wakujibu wote. Kinachofanyika kinaitwa kuzungusha saa, na chako kinazungushwa kwenda robo saa iliyo karibu. 07:53 iko dakika 7 kutoka 08:00 na dakika 8 kutoka 07:45, basi inasukumwa mbele. 17:07 iko dakika 7 kutoka 17:00, inarudishwa nyuma. Kwa siku ni dakika 14. Kwa wiki ya siku 5 ni dakika 70. Kwa wiki 4, saa 4 na dakika 40. Mwenzako anayefika 08:07 na kutoka 16:53 programu hiyo hiyo inamwandikia 08:00 na 17:00, inampa zile dakika 14 bure. Hapo ndipo utetezi wa waajiri ulipo: wanasema mwisho wa siku inasawazika. Kanuni za Marekani zinakubali kuzungusha hadi robo saa kwa sharti hilo hilo, kwamba baada ya muda watu wasipunjwe saa walizofanya kazi. Lakini inasawazika kati ya watu wanaowahi na wanaochelewa. Wewe unayewahi kila siku huna pa kusawazishia, labda uanze kuchelewa, na sikushauri.

Bosi wako atakuuliza swali moja la haki: hizo dakika 7 za asubuhi ulikuwa unafanya kazi, au ulikuwa umekaa unasubiri wakati? Jibu uwe nalo. Kama ndizo za kufungua makufuli, kuwasha kompyuta na kupanga kaunta, hiyo ni kazi.

Kuhusu "haibadilishiki", mwombe mfungue pamoja ukurasa wa mipangilio. Mara nyingi kuzungusha kuna swichi ya kuzima hata kwenye toleo la bure. Mpaka wa bure huwa kwingine: mpangilio mmoja kwa watu wote, hakuna wa kaunta tofauti na wa ghala. Mapumziko ndiyo yenye ukweli zaidi katika maneno yake. Matoleo mengi ya bure yanajua kukata muda uleule kila siku, au kutokata kabisa. Kugonga mapumziko yako mwenyewe, au kumruhusu msimamizi afute makato ya siku moja, mara nyingi kunalipiwa. Lakini upungufu wa programu haumfanyi mtu aliyefanya kazi awe amepumzika. Biashara isiyotaka kulipia iweke karatasi ya siku za pekee: tarehe, jina, "hakupumzika", sahihi ya msimamizi siku ile ile. Mwenye mishahara anairudisha ile saa kwa mkono.

Na wewe andika zako. Daftari dogo, kila siku, ulichogonga kama skrini ilivyokuonyesha. Usipige kelele bado. Baada ya mwezi mpelekee hesabu kama nilivyokupigia hapo juu, dakika kwa dakika, bila neno la kashfa.

Habari za siku, dada yangu. Nina kikosi kidogo cha kusafisha maofisi usiku. Zamu ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, usiku 5 kwa wiki. Programu inaigawa zamu usiku wa manane, Jumatatu saa 2, Jumanne saa 6 na kuendelea, sielewi nani kafanya zamu ipi. Nikahamishia Excel nijumlishe mwenyewe. Mtu aliyefanya saa 40 Excel inanipa 16:00! Nizeeke hivi hivi? – Kaka wa usafi

Salama kaka, huzeeki kwa hili. Tuanze na Excel, ni rahisi. Seli, yaani kisanduku cha jedwali, ikiwa ya saa inahesabu kama saa ya ukutani: ikifika 24 inaanza upya. 40 toa 24 ni 16, ndiyo 16:00 yako. Saa 40 zimo, hazionyeshwi tu. Chagua seli ya jumla, ingia kwenye mtindo wa namba, andika [h]:mm, yaani h ndani ya mabano ya mraba. Itakusomea 40:00.

Usiishie hapo, maana kosa la pili ndilo linalokula pesa. Ukichukua seli hiyo ukaizidisha na malipo ya saa moja, utapata kiasi kidogo cha kuchekesha. Ndani ya Excel siku nzima ni 1, kwa hiyo saa 40 ni 1.67 hivi. Zidisha jumla kwa 24 kwanza, ndipo uzidishe na malipo. Na wale wanaoandika kwa mkono, dakika 45 siyo .45. Saa 7 na dakika 45 ni 7.75. Anayeandika 7.45 kampunja mtu dakika 18 kwa siku, na hakuna programu itakayomwambia, ya bure wala ya pesa, kama namba imeingizwa kwa mkono. Nikipewa karatasi za mishahara za biashara ndogo nizikague, hapo ndipo jicho langu linakwenda kwanza: naitafuta .45, .15 na .50. Mtu wa .50 humaanisha nusu saa au dakika 50, na lazima umuulize.

Kwa zamu ya usiku, kutoka 06:00 toa kuingia 22:00 kunakupa alama za reli, #####, kwa sababu Excel haijui kuonyesha saa hasi. Andika =MOD(kutoka-kuingia,1), ukiweka seli zako mahali pa maneno hayo, itavuka usiku wa manane bila shida.

Programu yako sasa. Kuigawa zamu siyo ugonjwa kwa mtu wa mchana, kwako ni ugonjwa. Jumanne yako ina saa 6 za zamu ya Jumatatu na saa 2 za zamu ya Jumanne, jumla 8, ambayo inafanana kabisa na siku ya kawaida. Mtu akibakishwa muda wa saa mbili zaidi baada ya usiku wa mwisho wa wiki ya kazi, siku hiyo ya mwisho inasoma 6 na 2, jumla 8, na saa za ziada hazionekani kwa siku yoyote. Halafu kuna usiku wa tarehe ya mwisho wa mwezi: saa 2 zinaangukia mshahara huu na 6 mshahara ujao. Na kuna mtu aliyesahau kugonga kutoka. Programu nyingine inamfungia usiku wa manane, anapoteza saa 6. Nyingine inamwacha anaendelea "kufanya kazi" mpaka agonge tena usiku unaofuata, na unakuta zamu ya saa 24. Chaguo la kuihesabu zamu kwa siku iliyoanza ndilo unalolitafuta. Lipo kwenye baadhi ya matoleo ya bure, limefichwa kwenye mipangilio ya ripoti. Usipoliona, kaka, hapa nakushauri ulipie au ubadilishe programu. Biashara ya usiku kwenye programu ya mchana utakuwa unairekebisha kwa mkono kila wiki, na mkono ukichoka unakosea.

Shangazi, mtandao ukikatika hatuwezi kugonga. Simu za wengine zinagonga hivyo hivyo halafu zinatuma baadaye, na ripoti inakuja ya ajabu: mmoja kaingia leo kabla hajatoka jana. – Bila mtandao

Hapo mna saa mbili zinazogombana. Mtandao ukiwepo, programu inatumia saa ya seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu, na hiyo mfanyakazi hawezi kuichezea. Ukikatika inabaki na saa ya simu, ambayo mtu anairudisha nyuma kwa kidole. Huenda hakuna mwizi, ni simu tu iliyozima betri ikaamka na tarehe ya uongo. Simu zote ziwekwe kwenye muda wa kujipanga wenyewe. Uliza kama ripoti inaweka alama kwenye saa zilizogongwa bila mtandao. Isipoweka, zima huduma hiyo na mtumie karatasi mlangoni siku hizo, iingizwe siku ile ile na maelezo yake. Pia angalia majira ya eneo kwenye akaunti. Akaunti ya bure hufunguliwa kwa haraka, mtu anakubali kila kitu, na baadaye ripoti nzima inakuta siku yake inaanzia katikati ya usiku wa nchi nyingine.

Shikamoo. Je, ipo ya bure kabisa isiyo na mitego? Au nilipe tu nilale usingizi? – Nimechoka kuchagua

Marahaba. Zipo programu huria, kwa mfano Kimai, ambazo unazipakua na kuziweka kwenye seva yako. Hakuna wa kukufungia siku 90, kumbukumbu zote ni zako. Ila seva ni gharama, na masasisho, nakala rudufu na usalama vinakuwa kazi yako. Kama huna mtu anayejua kurejesha nakala rudufu, na simaanishi kuitengeneza, nasema kuirejesha, usiende huko. Kimai yenyewe pia imelenga zaidi kuhesabu saa za miradi na wateja kuliko kulinda lango la kuingilia kazini.

Kulipa nako si kulala usingizi. Desemba 2021 wahalifu wa mtandao waliishambulia kampuni ya UKG, na huduma yake ya Kronos Private Cloud ikafungika kwa wiki kadhaa. Hao walikuwa waajiri wakubwa, hospitali zikiwemo, wanaolipa pesa nzuri, na wakajikuta wanarudi kwenye karatasi kipindi cha sikukuu. Aliyekuwa amechapisha ripoti zake alikuwa na pa kuanzia.

Ukiamua kulipa, mimi ningelipia vitu vinne kwa mpangilio huu: historia ya mabadiliko, kumbukumbu za miaka, kupakua kila kitu, na kanuni za saa za ziada zinazolingana na sheria ya ulipo. Ramani, ratiba za rangi rangi na chumba cha kuchati nisingetoa hata shilingi. Na usiijaribu programu wiki tulivu. Tumia muda wake wa majaribio kwenye wiki yenye mtu aliye likizo, mwingine aliyeacha kazi katikati na angalau mmoja aliyesahau kugonga, halafu ufunge nayo mshahara kamili sambamba na njia yako ya zamani. Zikitofautiana, ufuate tofauti hiyo mpaka uijue ilikotoka.

Shangazi, programu inaruhusu watu 10, sisi tuko 12. Naweza kuwaweka wawili wawili kwenye akaunti moja? Au niwafute walioacha kazi nipate nafasi? – Tumebanana

La kwanza usifanye kabisa. Watu wawili kwenye akaunti moja, siku wote wakiwepo, wa pili akigonga kuingia programu inamsoma wa kwanza kama anatoka. Baada ya wiki mbili hutajua saa ni za nani, na wao wenyewe watagombana.

La pili linategemea kitufe. Kuna "futa" na kuna "simamisha". Kwenye baadhi ya programu kumfuta mtu kunafuta na saa zake zote. Pakua kwanza saa zake tangu siku ya kwanza, fungua faili uhakikishe linasomeka, ndipo umsimamishe, na umfute tu kama kusimamisha hakukuachii nafasi. Wale wawili wanaobaki nje waandike kwenye rejesta ya karatasi, na wawe wa aina moja, kwa mfano vibarua wa siku, siyo wawili uliowachagua kwa sababu hawapigi kelele.